UZI: Vijitabu vya karatasi chache vilivyotikisa wafalme, 1776 hadi 1793 (mrefu, vuta kiti)

Mpangaherufi (mleta uzi)

Wakuu, salaam zenu popote mlipo.

Baba yangu alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda kidogo cha chapa, enzi za herufi za risasi. Kila neno lilipangwa kwa vidole, herufi moja moja, tena kinyume, ili likigandamizwa kwenye karatasi litokee sawa. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana na kumkuta anasoma mistari iliyopinduka kichwa chini bila kukwama, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Kuanzia hapo sijawahi kuona karatasi iliyochapwa kuwa kitu cha hivihivi. Leo naomba tuzungumzie vijitabu vya siasa vya mwishoni mwa karne ya 18, kwa sababu sioni kipindi kingine ambacho karatasi chache ziliwatoa jasho watawala kiasi kile.

Kwanza tuelewane kijitabu chenyewe kilikuwa nini. Chukua karatasi kubwa ya chapa, ikunje mara tatu: unapata majani 8, yaani kurasa 16. Pandanisha karatasi kadhaa za namna hiyo, toboa matundu pembeni, pitisha uzi, piga fundo. Kimekwisha. Hakina jalada gumu wala ngozi. Kinaingia mfukoni, kinapita chini ya mlango, kinazunguka mikono 20 mpaka kinachanika. Kitabu cha ngozi kilikaa kwenye kabati la bwana mkubwa. Kijitabu kilikaa kwenye meza ya kilabu cha pombe, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua.

Hilo la mwisho ndilo msimamo wangu katika uzi huu, naliweka mapema ili anayepinga anipinge vizuri: vijitabu vilivyoshinda ni vile vilivyoandikwa kwa ajili ya sikio la mtu aliyekaa pembeni akisomewa, na vikauzwa kwa bei ambayo yule msomaji wa kilabuni aliimudu.

Naanza na Thomas Paine. Alizaliwa 1737 Thetford, Uingereza, baba yake fundi wa vizibao vya kubana kiuno vya wanawake. Kijana akajifunza kazi hiyohiyo, haikumlipa. Akawa mtoza ushuru, mshahara mdogo, kazi ya kuchukiwa na kila mtu. Mwaka 1772 akaandika kijitabu cha kuwaombea watoza ushuru wenzake nyongeza ya mshahara. Bunge halikusikia, na 1774 akafukuzwa kazi. Mwaka huohuo akapanda meli kwenda Marekani na barua ya utambulisho kutoka kwa Benjamin Franklin, akafika Philadelphia mwishoni mwa Novemba akiwa na homa kali kiasi cha kushushwa melini kwa kubebwa.

Miezi 13 baadaye, Januari 1776, mchapaji Robert Bell wa Third Street akatoa kijitabu kisicho na jina la mwandishi. Kichwa: Common Sense, yaani akili ya kawaida. Bei shilingi 2.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Damu ilikuwa imeshamwagika Lexington na Concord tangu Aprili 1775, wenyeji wakipigana na askari wa mfalme. Lakini hata baada ya hapo viongozi wa makoloni ya Uingereza kule Marekani walikuwa bado wanamwandikia mfalme George wa Tatu barua za unyenyekevu. Lawama zote waliwatupia mawaziri na Bunge. Mfalme walimwacha pembeni, kama mtoto anayesema baba ni mwema ila wajomba ndio wabaya.

Paine akaenda moja kwa moja kwa baba.

Nitarudi niendelee, nakula kwanza.

Kijiwe cha Jioni

Mkuu nimeweka kambi hapa. Shusha nondo.

Mwalimu wa Zamu

Nafuatilia. Ila tahadhari, tusije tukaambiwa kijitabu ndicho kilicholeta uhuru wa Marekani. Kodi, chai, bunduki na deni la vita ndivyo vilivyoleta. Karatasi haimwondoi mfalme.

Mpangaherufi

Mwalimu, shikamoo kwanza, halafu nakujibu ndani ya maelezo.

Alichofanya Paine ni hiki. Wasomi wa wakati ule waliandika kwa Kilatini nusu, kwa kunukuu sheria za kale na wanafalsafa wa Ugiriki. Paine hakuweka Kilatini. Kitabu alichoegemea ni kile ambacho kila nyumba ilikuwa nacho, Biblia. Akafungua Samweli wa Kwanza, sura ya 8, pale Waisraeli wanapomlilia nabii awape mfalme kama mataifa mengine, na Samweli anawaonya: atawachukua wana wenu, atachukua mashamba yenu, mtalia siku hiyo na hamtasikilizwa. Mkulima wa Pennsylvania hakuhitaji shahada kulielewa hilo. Alilisikia kanisani tangu utoto, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba linamhusu mfalme wake.

Kisha akauliza: huyu mfalme ukoo wake umetoka wapi? Akamtaja William Mshindi, aliyevuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066, na kumwita mwanaharamu wa Kifaransa aliyetua na genge la majambazi wenye silaha, akajitawaza mwenyewe bila ridhaa ya wenyeji. Hebu vuta picha unasomewa maneno hayo kilabuni, umelelewa kumwombea mfalme kila Jumapili. Wengine walitoka nje, nina hakika. Wengine walisema: soma tena hapo.

Na hoja ya jiografia, ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa urahisi wake: kuna upuuzi fulani, anasema, katika kudhani kwamba bara zima litatawaliwa milele na kisiwa. Mtu hahitaji kuongezewa kitu. Anaitazama ramani, au anakumbuka wiki alizokaa melini, basi.

Akaona pia kwamba watu wataogopa: tukimwondoa mfalme, nani atakaa pale? Akajibu kwamba Marekani sheria ndiyo mfalme. Kule kwa tawala za mabavu mfalme ndiye sheria, kwenye nchi huru sheria inapaswa kuwa mfalme, na asiwepo mwingine.

Sasa Mwalimu, hapo ndipo tunapokutana. Kodi na bunduki viliwafanya watu wakasirike, hilo halina ubishi. Lakini hasira ilikuwa inaomba masahihisho ndani ya ufalme. Kijitabu kiliwapa watu neno la kuomba kitu kingine kabisa. Hata bahati ilimsaidia: Paine mwenyewe anaeleza kwamba siku kijitabu kilipotoka ndiyo siku hotuba ya mfalme Bungeni, ile ya kuwaita waasi na kuahidi kuwakandamiza, ilipofika Philadelphia. Watu walisoma vyote viwili kwa pamoja. Kabla mwezi haujaisha George Washington alikuwa ameshaandikia rafiki yake barua akizisifu hoja zake kuwa hazijibiki. Miezi sita baada ya Januari ile ni Julai 4, 1776, tarehe ya Tamko la Uhuru wa Marekani.

Kijiwe cha Jioni

Nimewahi kusikia kiliuza nakala nusu milioni. Kweli?

Mpangaherufi

Mkuu, namba hiyo inazunguka sana mitandaoni. Paine mwenyewe alidai nakala 120,000 ndani ya miezi mitatu, na miaka iliyofuata akazidi kuipandisha. Wanahistoria wa siku hizi hata hiyo ya kwanza hawaikubali, na mtoto wa kiwandani kama mimi naelewa kwa nini.

Mtambo wa mbao wa wakati ule ulihitaji watu wawili. Mmoja anapaka wino kwenye herufi kwa mipira miwili ya ngozi iliyojazwa sufu, mwingine anaweka karatasi iliyoloweshwa kidogo, anaisukuma chini ya ubao, anavuta mtaimbo. Wakiwa wazima na hawaongei, wanatoa karatasi 200 hadi 250 kwa saa, upande mmoja tu. Kisha upande wa pili. Kisha karatasi zinaanikwa kwenye kamba kama nguo. Karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, na vita vilipoanza matambara yakawa adimu. Ukipiga hesabu kwa mitambo iliyokuwepo kwenye makoloni yote 13, nakala nusu milioni haziwezekani kwa miezi michache.

Lakini kuna kitu kingine kinachoonekana wazi: kilichapwa upya karibu mara 25 mwaka huo mmoja, katika miji kama Boston, New York, Newport na Charleston. Philadelphia hiyohiyo kikatolewa kwa Kijerumani, kwa kuwa Pennsylvania ilikuwa na Wajerumani wengi. Mchapaji wa mji mdogo anayepanga herufi zote upya anaweka pesa yake hatarini. Hafanyi hivyo kama watu hawajaja mlangoni kuuliza.

Toleo la London nalo lina kisa chake. John Almon alikichapa mwaka uleule, lakini aliogopa kushtakiwa, kwa hiyo palipomtukana mfalme aliacha nafasi tupu. Kuna nakala ambazo wasomaji walizijaza nafasi hizo kwa kalamu. Mimi nikiwaza mtu ameketi na mshumaa, anaazima nakala kamili ya Marekani, ananakili matusi ya mfalme mstari kwa mstari, naona kabisa kwamba serikali ilikuwa na sababu ya kukosa usingizi.

Kuhusu pesa, Paine na Bell waligombana vibaya. Paine alitaka sehemu yake ya faida inunuliwe glavu za sufu kwa ajili ya wanajeshi waliokuwa wanapigana Quebec kwenye baridi. Bell akasema hakuna faida. Paine akaenda kwa wachapaji wengine, akina Bradford, akaongeza kurasa, akashusha bei mpaka shilingi 1. Bell akaendelea kuchapa la kwake. Ndiyo biashara ya chapa, baba yangu aliniambia haijawahi kubadilika.

Desemba mwaka huohuo Paine yupo na jeshi la Washington linalorudi nyuma kupitia New Jersey, askari wanatoroka kila usiku. Anaandika kijitabu kingine, mfululizo alioupa jina The American Crisis. Kinaanza: hizi ndizo nyakati zinazopima roho za watu. Kikachapwa Desemba 19, kikasomwa mbele ya askari, na usiku wa Krismasi wakavuka mto Delaware kwenye barafu kwenda kupiga Trenton. Someni sentensi zake fupi kwa sauti. Zina pumzi ya mtu anayesimama mbele ya kikosi.

Bi Mshumaa

Asante sana kaka. Naomba tuvuke bahari. Ufaransa walikuwa na nani? Na wanawake wapo, au ni haki za wanaume peke yao?

Mpangaherufi

Dada, umenipeleka ninapotaka.

Ufaransa hazina ilikauka, na vita vya Marekani ambavyo mfalme aliwasaidia waasi vilichangia deni. Mwaka 1788 Louis wa 16 akakubali kuitisha Baraza la Matabaka, ambalo lilikuwa halijakutana tangu 1614. Kwa kuwa hakuna aliyekumbuka linavyoendeshwa, serikali ikawaalika wenye elimu watoe maoni. Ikafungua bomba isiloweza kulifunga. Vijitabu vikamwagika kwa maelfu.

Mwingereza Arthur Young, mtaalamu wa kilimo, alikuwa Paris Juni 1789. Akaenda kwenye maduka ya Palais-Royal, akaandika: leo vimetoka 13, jana 16, wiki iliyopita 92. Anasema mikahawa ilijaa mpaka nje, watu wamebanana milangoni na madirishani wakiwasikiliza watu waliosimama juu ya viti na meza. Sikio tena, wakuu.

Kilichowafunika wenzake kilitoka Januari 1789, na mwandishi wake alikuwa padre, Emmanuel Joseph Sieyès. Qu'est-ce que le tiers état? Tabaka la Tatu ni nini? Ukurasa wa kwanza una maswali matatu na majibu yake:

Tabaka la Tatu ni nini? Kila kitu.
Mpaka sasa limekuwa nini katika mambo ya utawala? Si kitu.
Linataka nini? Kuwa kitu.

Mtu anasikia mara moja, anaenda nalo nyumbani. Chini ya maswali hayo kuna hesabu. Tabaka la kwanza makasisi, la pili makabaila, la tatu wengine wote: wakulima, mafundi, wachuuzi, mawakili. Kwa makadirio ya Sieyès makasisi na makabaila kwa pamoja hawakufika 200,000, mbele ya watu milioni 25 au 26. Lakini utaratibu wa zamani ulikuwa kila tabaka lina kura moja. Wawili wakiungana, mmoja amelala daima. Sieyès akasema taifa ni wale wanaofanya kazi zinazolibeba, na kama makabaila wanadai wametokana na Wafranki walioiteka nchi, basi warudi kwenye misitu ya Franconia walikotoka. Juni 17, 1789, kwa hoja aliyoitoa yeye mwenyewe, wajumbe wa Tabaka la Tatu wakajiita Bunge la Taifa. Kijitabu cha Januari kilikuwa kimegeuka azimio kabla mwaka haujafika nusu. Sijui kingine kilichotekelezwa haraka hivyo.

Sasa swali lako la pili. Agosti 1789 Bunge likatoa Tamko la Haki za Binadamu na Raia, vifungu 17. Mwanamke hayumo. Septemba 1791 Olympe de Gouges, binti wa Montauban kusini mwa Ufaransa, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa ameshagombana na wenye makoloni kwa mchezo wake wa kupinga utumwa, akatoa kijitabu: Tamko la Haki za Mwanamke na Raia wa Kike. Alichukua vifungu vyote 17, akaviandika upya kimoja kimoja. Cha 10 ndicho kinachokumbukwa: mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongewa, basi lazima awe na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia.

Kwa Kiswahili neno ni lilelile, jukwaa. Kifaransa kina maneno mawili pale. Mimi naona lugha yetu imeipa sentensi hiyo ukali zaidi.

Novemba 3, 1793, akapandishwa lile la kwanza. Kosa lilikuwa bango alilotaka kubandika Paris, la kutaka wananchi wachague wenyewe kwa kura aina ya serikali, ukiwemo ufalme. Wanawake wa Ufaransa walipewa kura 1944.

Mwingereza Mary Wollstonecraft anastahili uzi wake. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, alipotoa kitabu cha kuyalaani mapinduzi ya Ufaransa Novemba 1, 1790, majibu yalikuwa mengi sana, na la Mary likatoka mwezi huohuo, bila jina. Toleo la pili lilipobeba jina la mwanamke, baadhi ya wasomaji wakabadilisha maneno waliyokuwa wakiyasema. Mwaka 1792 ndipo akatoa lile kubwa la haki za mwanamke.

Mwalimu wa Zamu

Nakubali kwa Sieyès, pale karatasi ilifanya kazi. Lakini hujathibitisha hoja yako ya bei. Burke alikuwa ghali na alisomwa na wote.

Mpangaherufi

Mwalimu, hoja ya bei nitathibitishiwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Uingereza.

Paine alimjibu Burke kwa Rights of Man. Sehemu ya kwanza ilitoka 1791 kwa shilingi 3, na hakushtakiwa. Sehemu ya pili, Februari 1792, ikaingia kwenye matoleo ya bei nafuu ya peni 6, nusu shilingi. Ndani yake aliandika mambo ya malipo ya uzeeni na msaada kwa watoto wa maskini wapate kusoma. Mei ikatoka amri ya mfalme dhidi ya maandiko ya uchochezi. Septemba Paine akavuka kwenda Ufaransa, ambako alikuwa amechaguliwa mbunge wa Pas-de-Calais. Desemba 18 kesi ikasikilizwa London bila yeye kuwepo.

Mwanasheria Mkuu akaeleza mbele ya mahakama kwa nini hakuigusa sehemu ya kwanza: alidhani ingesomwa na watu wenye busara tu. Hii ya pili, akasema, imesukumwa mikononi mwa kila mtu kwa kila namna, hata peremende za watoto zinafungwa kwa karatasi zake.

Mnaona? Maneno hayakuwa kosa yalipokaa kwenye kabati. Yamekuwa kosa yalipofika dukani kufungia peremende. Jopo la waamuzi likamtia hatiani bila hata kusubiri upande wa mashtaka ujibu utetezi.

Na huyohuyo Paine, alipofika Ufaransa, alisimama Bungeni kutetea mfalme Louis asiuawe. Alimchukia mfalme kwa cheo, akamtetea kama mtu. Ilimgharimu: Desemba 1793 akafungwa gereza la Luxembourg, na alitoka Novemba 1794 baada ya balozi wa Marekani, James Monroe, kumpigania. Ujasiri wa kupingana na umati wa upande wako naupa heshima kubwa kuliko ule wa kupingana na mfalme aliye ng'ambo ya bahari.

Mwana wa Kivinje

Mleta uzi nakuheshimu, umeshusha madini. Ila mimi mtu wa Kilwa kuna tarehe inanichoma tangu uanze. Septemba 14, 1776. Julai Marekani wametangaza binadamu wote wameumbwa sawa. Miezi miwili baadaye sultani wa Kilwa anasaini mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 (sarafu za fedha) kichwa kimoja, wapelekwe Île de France, Mauritius ya leo. Hao walisomewa kijitabu gani?

Mpangaherufi

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara tatu.

Hawakusomewa chochote. Na tuseme ukweli wote: upande mmoja wa mkataba ule alikuwa mtawala wa kwetu. Tamko la 1789 halikuwafikia. Bunge la Paris lilipofuta utumwa Februari 4, 1794, wenye mashamba wa Île de France walikaa kimya kana kwamba barua haijafika. Mwaka 1796 wakaja wajumbe wawili, Baco na Burnel, kutekeleza amri. Walowezi wakawapandisha meli wakawarudisha. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kisheria.

Lakini kulikuwa na vijitabu vilivyoliangalia jambo hili usoni, na ni kosa langu kutovitaja mapema.

Aprili 1791 Bunge la Uingereza lilikataa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, kura 163 kwa 88. Mwaka huohuo William Fox akaandika kijitabu kifupi cha kuwaambia Waingereza: msingoje Bunge, acheni sukari. Akaweka hesabu ya jikoni. Familia inayotumia ratili 5 za sukari kwa wiki, pamoja na ramu yake, ikiacha kwa miezi 21 inazuia utumwa au mauaji ya mtu mmoja. Na katika kila ratili ya sukari, akasema, tuhesabu kwamba tunakula aunsi 2 za nyama ya binadamu.

Kijitabu kilipita matoleo zaidi ya 20. Thomas Clarkson, aliyekuwa akizunguka nchi nzima kwa farasi kukusanya ushahidi, alikadiria watu 300,000 waliacha sukari. Wanawake hawakuwa na kura, ila ufunguo wa kabati la sukari ulikuwa wao. Hiyo ni siasa ndani ya kikombe cha chai.

Bi Mshumaa

Na Mwafrika mwenyewe aliandika?

Mpangaherufi

Aliandika, dada. Namalizia na yeye.

Quobna Ottobah Cugoano alizaliwa Ajumako, nchi ya Wafante, Ghana ya leo. Akiwa na miaka kama 13 alitoka na watoto wenzake, 18 au 20 hivi, kuchuma matunda na kunasa ndege porini. Wakatekwa. Akapelekwa Grenada, akafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na 1772 akaletwa Uingereza. Akajifunza kusoma na kuandika. Alipochapisha kijitabu chake 1787 alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa mchoraji Richard Cosway, London.

Wazungu wengi waliopinga utumwa walikuwa wanazungumzia biashara ya watumwa peke yake, ikomeshwe taratibu, utumwa wenyewe utajifia. Cugoano akataka vyote vikome mara moja. Akapendekeza Uingereza itume manowari pwani ya Afrika kuzuia meli za watumwa. Akaandika kwamba hatia hii ni ya kila mkazi wa Uingereza asiyeipinga. Mwana wa Kivinje, hakuwasamehe pia Waafrika waliowauza wenzao. Anaona haya kuwataja, lakini anawataja.

Kuna sehemu anaeleza alivyouzwa pwani. Alimwona kwa macho yake yule aliyempeleka akipokea malipo yake: bunduki moja, kipande cha kitambaa, na risasi.

Risasi, wakuu. Madini yaleyale yaliyoyeyushwa kutengeneza herufi zilizochapa kijitabu chake. Baba yangu alirudi nyumbani vidole vyake vikiwa vyeusi kwa hiyo risasi, akanawa kwa sabuni ya mche kabla ya kushika chakula, na weusi ule haukutoka wote.

Mwaka 1791 Cugoano alitoa toleo fupi la kijitabu chake, akatangaza ndani yake kwamba anataka kufungua shule kwa ajili ya watu weusi wa London. Baada ya hapo jina lake halionekani tena kwenye kumbukumbu yoyote.